Maswali ya sayansi ambayo watoto wa Mombasa huniuliza sana, na majibu yake

Kila jioni baada ya shule huwa na watoto kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Mombasa, madaftari mapajani, tukisoma sayansi. Maswali haya ni yao. Mengine ni ya wazazi waliokuja kuwachukua wakakaa kusikiliza. Yale yanayorudi kila mwaka nimeyaandika hapa, ili aliyekosa kikao ayapate.

Mwalimu, mtihani ni wa Kiingereza. Mbona wawafundisha kwa Kiswahili?

Kwa sababu mtoto wa hapa ana maneno ya sayansi kabla hajaingia darasani, na hajaambiwa kuwa hiyo ni sayansi. Mvuvi akisema "leo bamvua", yaani leo maji yajaa na kupwa kupita kawaida, amesema jambo kubwa kuhusu jua, mwezi na dunia. Nahodha aliyengoja upepo wa kusi alijua jinsi bara na bahari zinavyopata joto kwa namna tofauti. Nikianzia hapo mtoto hufahamu, kisha jina la Kiingereza analibandika juu ya kitu anachokijua, nalo hushika. Nikianza na jina, hulikariri, huliandika kwenye karatasi ya mtihani, na wiki ya pili halipo tena. Laniuma hilo, kwa kuwa ni watoto werevu.

Kwa nini bahari hujaa na kupwa, na mbona saa zake hubadilika kila siku?

Ni kazi ya mwezi, na jua likiusaidia.

Mwezi huivuta dunia na kila kilichomo, na mvuto huo hupungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali nao. Maji ya upande unaoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, basi huinuka. Maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia, basi huachwa nyuma, nayo pia huinuka. Ndiyo sababu kuna vimo viwili vya maji, wala si kimoja. Dunia inapojizungusha, sisi hupitishwa kwenye vyote viwili, na kwa hiyo maji hujaa mara mbili kwa siku.

Lakini mwezi nao hautulii. Dunia ikimaliza mzunguko mmoja, mwezi umeshasogea mbele kwenye njia yake, na yatubidi tuzunguke kama dakika 50 zaidi ili tuukute tena. Kwa hiyo kati ya kujaa na kujaa kunakofuata ni karibu saa 12 na dakika 25, na maji ya kesho huchelewa kama dakika 50 kuliko ya leo.

Jua nalo huyavuta maji. Ni kubwa kupita kiasi lakini liko mbali mno, hivyo uwezo wake wa kuinua maji ni kama nusu ya ule wa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja na mivuto huongezana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, na hayo ndiyo maji mafu. Hapa Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa, na wakati wa maji mafu ikawa mita 1 na kitu. Tazama daraja la feri pale Likoni: kuna siku gari hupanda mteremko mkali kutoka kwenye feri, na kuna siku ni karibu sawasawa. Feri ni ileile na gati ni lilelile, ila maji yamepanda.

Jambo moja nalipenda sana. Siku za bamvua, maji hapa kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri, na bamvua ijayo itakuwa vivyo hivyo. Wanaokwenda mwambani kutafuta pweza hulijua hilo bila kitabu. Sababu ni kuwa siku hizo mwezi uko upande mmoja na jua au upande unaolielekea, basi saa ya mwezi na saa ya jua zimelingana.

Dunia yazunguka kwa kasi kubwa. Mbona hatuhisi?

Kwa Mombasa, ardhi hutubeba kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ni zaidi ya ndege ya abiria.

Fikiria umesimama ndani ya feri ya Likoni ikiwa katikati ya mkondo, maji yametulia. Ukifumba macho, huwezi kujua kama yaenda au imesimama. Ukirusha sarafu juu hurudi kiganjani mwako, haianguki nyuma. Wewe, sarafu na feri nyote mwaenda pamoja kwa kasi moja, na mwili wa binadamu hauhisi kasi. Unachohisi ni kasi kubadilika. Dunia haifungi breki wala haikati kona ya ghafla, na hewa na bahari zaenda pamoja nayo.

Hapo ndipo pale matatu inapoingia. Dereva akifunga breki ghafla, gari hupunguza kasi lakini mwili wako wataka kuendelea mbele. Akiondoka kwa vishindo, unabaki nyuma. Tuktuk ikikata kona kulia, wewe husogea kushoto. Watoto wengi huniambia kuna kani, yaani nguvu, iliyowasukuma kushoto. Hakuna. Mwili ulikuwa waendelea na njia yake iliyonyooka, na ni tuktuk iliyogeuka ikakufuata ubavuni. Isaac Newton aliiweka kanuni hii kwenye maandishi aliyoyachapisha mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile na njia iliyonyooka, mpaka kani ikibadilishe. Mkanda wa kiti ndio kani ya kukuzuia, na nawaomba wazazi waufunge hata safari ikiwa fupi ya kwenda Nyali.

Mkokoteni ni mzito kuuanzisha, ukishakwenda ni mwepesi. Kwa nini?

Hamali wa soko la Marikiti angekujibu vizuri kuliko mimi. Mwanzoni ana kazi mbili: kuushinda msuguano, ambao ni mkubwa zaidi kitu kikiwa kimetulia, na kuutoa mzigo kwenye kasi sifuri. Ukishakwenda, kani yake ni ya kupambana na msuguano tu. Mzigo ukiwa maradufu, yataka kani maradufu kuupa mabadiliko yaleyale ya kasi. Na kwenye mteremko mzigo huohuo ndio humtisha, kwa kuwa mkokoteni mzito ni mgumu kuusimamisha kama ulivyokuwa mgumu kuuanzisha.

Treni ya Nairobi huenda kilomita 120 kwa saa. Mbona haifiki kwa saa nne?

Hesabu iko sawa: reli kutoka kituo cha Miritini hapa Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 472, na 472 ukigawanya kwa 120 hupata chini ya saa 4. Kosa ni kuichukua kasi ya juu kabisa kuwa kasi ya safari nzima. Treni huanza taratibu, hupunguza mwendo, husimama vituoni. Ikichukua saa 5, kasi ya wastani ni 472 kugawanya kwa 5, yaani kama kilomita 94 kwa saa. Mtihani ukiuliza kasi ya wastani, chukua umbali wote ugawanye kwa muda wote, pamoja na muda wa kusimama.

Msumari wazama. Meli ya chuma yaeleaje?

Kitu kikiingia majini hujitafutia nafasi kwa kuyasukuma maji. Maji nayo hukisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa. Aliyeligundua hilo ni Archimedes, Mgiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Msumari ni chuma kitupu, huondoa maji machache mno kuliko uzito wake. Meli ni ganda la chuma lenye hewa na nafasi ndani. Huondoa maji mengi, na hushuka mpaka uzito wa maji hayo ulingane na uzito wake wote. Ukiitazama meli ikiingia bandari ya Kilindini imejaa shehena, kisha ukaitazama ikitoka tupu, utaona rangi ya chini ambayo hukuiona mwanzo.

Nyumbani jaribu na yai bichi: huzama kwenye glasi ya maji ya mfereji, na ukikoroga chumvi vijiko kadhaa huelea. Lita moja ya maji ya bahari ni takriban kilo 1.025, zaidi ya lita ya maji ya mfereji, ndiyo maana kuogelea baharini ni kwepesi kuliko kwenye kidimbwi.

Tungamo na uzito ni kitu kimoja?

Hapana. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo, hupimwa kwa kilo, na halibadiliki. Uzito ni kani ambayo dunia hukivuta kitu hicho, hupimwa kwa niutoni. Gunia la mchele la kilo 50 likipelekwa mwezini lina mchele uleule, lakini uzito wake ni kama sehemu moja ya sita.

Kwa nini mawe ya kuta za Mji wa Kale yana makombe ndani?

Kwa sababu yalikuwa bahari. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya zamani. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na hapa tunapotembea palikuwa chini ya maji, matumbawe yakikua. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki juu. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walikata jiwe hilohilo, na wenyeji walikuwa wakilijengea tangu kabla yao.

Chukua kipande cha jiwe hilo, ukidondoshee ndimu. Kitatoa povu. Jiwe ni kalisi kaboneti, na asidi ya ndimu huifungua itoe hewa ya kaboni dioksidi. Likichomwa kwa moto mkali hewa hiyohiyo hutoka, kinachobaki ndicho chokaa. Wachoma chokaa wa pwani walikuwa wanakemia kwa mikono.

Basi matumbawe ni mawe, mimea au wanyama?

Ni wanyama. Kila tumbawe ni maelfu ya wanyama wadogo laini, na jiwe ni nyumba wanayoijenga kwa chumvi za kalisi wazichukuazo majini. Ndani ya miili yao huishi viumbe vidogo mno vya aina ya mwani, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa wapangaji wake, hubaki jeupe, na likikaa hivyo hufa kwa njaa. Mwaka 1998 hilo lilitokea kwenye pwani ya Kenya kwa upana wa kutisha. Ukipanda mashua ya kutazama samaki, tafadhali usisimame juu ya matumbawe. Unasimama juu ya mnyama.

Udongo hutoka wapi?

Vitabuni mtasoma: mwamba huvunjwavunjwa na mvua, joto na mizizi, kisha viumbe vilivyokufa vikaoza humo. Ni kweli, lakini mfano bora uko Bamburi. Kiwanda cha simiti kilichimba matumbawe ya kale tangu miaka ya 1950, kikaacha mashimo makavu ambayo hayakumea hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti humo. Mvinje ulikubali, kwa kuwa hustahimili chumvi na mizizi yake ina bakteria wanaochukua naitrojeni hewani. Tatizo likawa majani yake: yalirundikana chini bila kuoza. Akaletwa jongoo mwenye miguu myekundu, akayala, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu wenye twiga, uitwao Haller Park. Mtoto akiniuliza jongoo ana faida gani, humpeleka hapo.

Hapo ndipo alipokuwa yule kiboko na kobe?

Ndipo. Mwishoni mwa Desemba 2004 mtoto wa kiboko alikwama baharini karibu na Malindi, akaokolewa, akaletwa Haller Park, akaitwa Owen. Akamng'ang'ania Mzee, kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akilala naye na kumfuata. Watoto huniuliza kama ni jamaa. La. Kiboko ni mamalia: huzaa, hunyonyesha, mwili wake hujitengenezea joto. Kobe ni reptilia: hutaga mayai, ana magamba, na hutegemea jua kupata joto. Kwenye kupanga viumbe twatazama mwili na asili yake. Mapenzi hayamo katika hesabu hiyo, ingawa nayo yalikuwa ya kweli.

Tsunami ya mwaka huo ilifika Mombasa?

Ilifika ikiwa imepungua nguvu. Tarehe 26 Desemba 2004 bamba la dunia lilijisogeza chini ya bahari karibu na Sumatra, tetemeko la kipimo cha 9.1, likaisukuma bahari yote iliyokuwa juu yake. Wimbi lilivuka kama kilomita 6,000 na kufika kwetu baada ya saa zaidi ya nane. Watu waliondolewa fukweni. Tsunami haihusiani na bamvua wala upepo. Ukiona bahari imekupwa ghafla wakati si wake, usiende kuokota samaki. Panda juu, mbio.

Mikoko huishije kwenye maji ya chumvi na tope lisilo hewa?

Nenda Tudor maji yakiwa yamekupwa. Utaona vidole vimesimama topeni: ni mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imetoka juu kutafuta oksijeni. Lamba jani la mchu, utaonja chumvi, kwa maana mti huitoa kupitia majani. Aina iitwayo hasa mkoko nayo huzuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi, na mbegu yake huota ingali mtini, ndefu kuliko kalamu, kisha huanguka ikiwa tayari mche. Nani angengoja kuota kwenye maji yanayokuja na kuondoka?

Ni kweli miti hupumua usiku tu?

Si kweli, na kosa hili nalikuta hata kwa wakubwa. Mimea hupumua mchana na usiku kama sisi, ikichukua oksijeni. Usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa maji, kaboni dioksidi na mwanga, ndio wa mchana tu. Mchana usanisinuru huzidi, kwa hiyo oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayotumika.

Twafunika maji, mbona mbu bado wapo?

Hapa sina budi kurefusha, kwa sababu ni afya ya nyumba zetu. Mbu wa malaria, anofelesi, huuma usiku. Mbu wa dengue na chikungunya, edesi, ana madoa meupe miguuni na huuma mchana. Wanaouma ni majike tu, wakitaka damu ya kukuzia mayai. Edesi hupenda maji safi yaliyotulia, na sisi ambao maji ya mfereji hukatika hatuna budi kuweka mapipa. Hutaga mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kwa maana toka yai hadi mbu mzima ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto letu. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilipatwa na mlipuko wa chikungunya. Neno hilo ni la Kimakonde, lamaanisha ugonjwa unaomkunja mtu.

Kwa nini maji ya mtungi ni baridi?

Maji kidogo hupenya udongo wa mtungi na kugeuka mvuke, na kila yanapofanya hivyo huondoka na joto. Jasho hufanya kazi hiyohiyo mwilini. Siku za unyevu hewani, kama Machi, jasho halikauki haraka, ndiyo maana digrii 32 za Mombasa huchosha kuliko digrii 32 za mahali pakavu.

Ni kweli kuna siku mtu hukosa kivuli?

Kweli, mara mbili kwa mwaka. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Dunia imeinama kwa digrii 23.5, kwa hiyo jua la mchana huonekana likihama kaskazini na kusini, na hupita juu ya vichwa vyetu hasa karibu na tarehe 10 Machi na karibu na tarehe 4 Oktoba. Usitazame saa sita kamili: saa ya Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tuko karibu 40, basi jua hutufikia likiwa limechelewa. Machi ngojea saa sita na nusu. Oktoba saa sita na dakika kumi. Chomeka kijiti wima mchangani, au simamisha chupa uwanjani, ukitazame kivuli kikijikusanya mpaka kiishie chini yake.